Ikama

Duka letu la steshenari liko Buza,
mkabala na sekondari ya kata, barabara ya vumbi katikati.
Kopi, shilingi mia. Kulaminishi, elfu moja.
Kuombewa kazi, elfu tatu, na mtandao ukigoma
unarudi kesho bila kulipa tena.

Wiki lile tangazo linapotoka
foleni huanza sijafagia hata kizingiti.
Wanakuja na bahasha za kaki
zilizolainika kama kitambaa
kwa kufunguliwa na kufungwa, kufunguliwa na kufungwa.
Hemedi Likwembe, Fizikia na Hisabati,
siku hizi anauza makava ya simu.
Dada Tulinagwe, Kiswahili na Historia,
mtoto mgongoni, mwingine anavuta sketi;
cheti cha kuzaliwa kimemwandika Turinagwe,
na kompyuta haina masihara na herufi.
Nikamwelekeza kwa wakili, akale kiapo
kwamba yeye ni yeye.

Yupo pia mzee. Nisimwite mzee, ana arobaini na nne,
na tangazo linasema mwisho arobaini na mitano.
Alinihesabia kwa kidole juu ya kaunta: miezi saba.
Nikamwambia, kaka, mtandao uko chini.
Akasema, mimi niko chini kuliko huo mtandao,
bonyeza tu.

Nabonyeza. Kiduara kinazunguka.
Tunakikodolea macho wote, duka zima kimya,
hadi yule aliyefuata vocha.
Kinazunguka.
Kinaandika: *Umefanikiwa kutuma.*
Ni kutuma tu huko, lakini watu hupeana mikono.
Mmoja alininunulia soda.

Usiku wa manane, bando la bei nafuu likianza,
nafungua ombi la mwisho, langu.
Mbawala, Asteria B. Kemia na Baiolojia.
Mwaka wa sita huu.
Ukerewe, Kakonko, Nanyumbu, popote,
nimetia alama kila kisanduku.
Niliitwa kwenye usaili mara moja.
Tulikalishwa kwenye madawati ya watoto,
magoti yakigonga mbao.
Swali la tatu: *Taja sifa tano za mwalimu bora.*
Nikaandika nne.
Ya tano ilinijia nimeshatoka getini:
awepo.

Kutoka hapa kwenye kaunta namsikia Kidato cha Pili B.
Kuna kelele ya kufundishwa
na kuna kelele ya kuachwa,
na aliyesomea kazi hii hazichanganyi.
Jumanne na Alhamisi, kipindi cha tano, Kemia,
ni ile ya pili.
Nakata karatasi. Napanga kalamu, za bluu na bluu,
nyekundu na nyekundu.
Nyekundu hazitoki sana.

Kila Machi mkuu wa shule, Mwalimu Nyamizi,
huvuka barabara ameshika gauni lisiburure vumbi,
nimchapie ikama ya kupeleka halmashauri.
Anasoma, nachapa.
Mahitaji: hamsini na watatu.
Waliopo: thelathini na mmoja.
Upungufu:
ishirini na mmoja, nikachapa.

Alivaa miwani.
"Asteria, rudia hiyo hesabu. Umepunguza mmoja."

"Nilijihesabu, Mwalimu."

Hakucheka. Mimi nilitarajia acheke,
nilikuwa nimeshaandaa cheko langu la kumsindikiza.
Aliangalia mashine ya kopi, akaangalia nje,
akaangalia vidole vyangu vilivyochafuka wino
ambao si wa kusahihishia.
"Futa," akasema, polepole,
kama mtu anayemwamsha mgonjwa.

Nikafuta. Ishirini na wawili.
Nikamtolea nakala tatu, nikazibana pini.
Alilipa elfu mbili, akakataa chenji,
akavuka.

Ilikuwa Alhamisi.
Kengele ikagongwa.