Jina Halimo

Kwenye jalada wamesimama wanne,
nywele timtimu, suruali bugaluu,
magitaa yameelekezwa Kibo kama bunduki.
Jina lako, Aminieli, halimo.

Ulitoka Kiboriloni na koti la kwaya,
ukauliza tu: ufunguo gani?
Wakakulipa shilingi arobaini na soda.

Leo, kwa Ndeonasia, fundi redio wa Moshi,
sindano inakwaruza.
Gitaa linafoka, ngoma zinagombana;
chini yake mkono wako wa kushoto
unatembea kama mtu anayepita sebuleni usiku
asiamshe watoto.

Mara moja tu unapanda juu,
unakosea noti, unairudia makusudi
mpaka kosa linakuwa njia.

Ndeonasia anataka kufunga duka.
Namwambia: rudisha sindano,
pale, kabla hawajaanza kuimba.