Tramu Haina Usukani

Miaka thelathini na moja Bogumiła aliendesha tramu,
kutoka kiwanda cha nyuzi mpaka makaburini, kisha kurudi.
Watoto wa Łódź walichungulia kioo nyuma yake wakiuliza:
mama, usukani uko wapi?
Naye huwajibu: hakuna.
Kuna breki, na kuna kengele.

Alipostaafu, mkono wa kulia ukaanza kutetemeka,
kijiko kikawa kinagonga kikombe
kama mgeni asiyeona kwamba mlango u wazi.
Daktari Sobieraj akampa vidonge, vidogo, rangi ya maziwa.
Mkono ukatulia. Tukashukuru.
Halafu kitu kingine kikaanza kutetemeka, ndani,
mahali kijiko hakifiki.

Yeye, aliyehesabu chenji ya mkate mara mbili,
aliyenikataza hata bahati nasibu ya kanisa,
akawa anatoka usiku, koti juu ya nguo ya kulalia,
kwenda kwenye mashine za kamari karibu na kituo cha mafuta.
Akaweka pensheni yake. Akaweka yangu.
Akauza cherehani ya marehemu mama yake,
akaniambia iko kwa fundi.
Miezi minane fundi huyo aliitengeneza.

Nilipojua, nilirusha sahani. Si kwake; ukutani.
Nikasema: umechagua!
Kipendacho roho hula nyama mbichi,
nawe umekula mpaka mfupa.
Hakukataa. Alisema: ndiyo, Wiesław, nilitaka.
Hakuna aliyenishika mkono.
Nilitaka kama mtu anavyotaka maji.

Daktari alisoma karatasi, akavua miwani.
Ni vidonge, alisema. Huwatokea baadhi ya watu.
Akabadilisha dawa,
na wiki ya tatu ile tamaa ikahama
kama mpangaji, bila kuaga, bila kulipa.

Basi nimsamehe nani?
Kidonge hakina masikio.
Na yeye, kama si yeye,
msamaha wangu ataupokelea wapi?
Nikiuvuta uzi huu, haukatiki pale ninapotaka:
kama punje nyeupe yaweza kumtakia mtu,
ni punje zipi zilizomtakia uaminifu miaka yote ile?
Mwaka wa sabini na nne, kwenye benchi la kituo cha mwisho,
theluji mabegani, aliponiambia "haya, tuoane",
alikuwa amekula nini?
(Nakumbuka: supu ya kabichi. Chumvi ilizidi.)
Na hasira yangu, ile ya sahani, niliiita mimi?
Ilipita mkononi, sahani ikaruka,
nami nikafika baadaye, kama shahidi,
kutia saini kwamba ni yangu.

Nilimwambia haya akimenya viazi.
Akasema: wewe hujaendesha tramu.
Zamani kwenye njia panda nilishuka na mtaimbo,
nikaigeuza reli kwa mkono, baridi ikiuma, abiria wakinung'unika.
Siku moja niligeuza kushoto badala ya kulia.
Makusudi au usingizi, mpaka leo sijui.
Nikawafikisha watu arobaini penye bohari la makaa.
"Ukafanyaje?"
Nikasimama mbele yao nikasema samahani.
Mimi. Hapakuwa na mwingine wa kusema.
Akatupa ganda, akachukua kiazi kingine.

Jumatatu tulipanda kwenda kwa daktari,
siti ya mbele, nyuma ya dereva,
kijana mwenye hereni na kikombe cha kahawa.
Tulipokaribia kona ya hospitali, penye mteremko,
niliona kiatu cha Bogumiła kikikandamiza sakafu,
taratibu, kwa ufundi,
pale ambapo hapana breki.
Tramu ikapunguza mwendo.
Akashusha pumzi, akauweka mkoba wake sawa.