Kibandiko

Zinakuja kwangu mgongoni mwa bodaboda,
zimefungwa kanga kama wagonjwa wa usiku,
kutoka Nkuhungu, kutoka Ipagala, moja hata kutoka Kongwa
ikiwa na vumbi jekundu hadi kwenye matundu ya spika.
Nyembamba. Nyepesi. Hazina pa kushika.

Enzi za kichogo nilikuwa daktari.
Nilifungua mgongo, nikanusa,
pua ikaniambia pale pameungua,
nikadondosha tone la risasi, nikapiga kofi moja la heshima
na taarifa ya habari ikarudi katikati ya sentensi.

Ya Mama Perisi Ndahani haikuungua popote.
Inchi arobaini na tatu,
zabibu za misimu miwili kule Hombolo.
Ukiiwasha, jina la kampuni linang'aa,
kisha kiduara, kinazunguka, kinazunguka,
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

"Tangu Jumanne," akasema.
"Iliomba ruhusa ijisasishe. Mjukuu akabonyeza Ndiyo.
Kwani mgeni akiomba maji unamnyima?"

Tukaenda dukani, Barabara ya Sita.
Yusto wa kaunta: Sisi tunauza boksi, mama.
Yaliyomo ndani ni ya kiwanda. Pigeni namba hii.
Namba ikatupigia muziki hadi salio likaisha.
Tukaongeza. Binti mwenye sauti ya asali:
Umeme wenu unakatika na kurudi kwa kishindo,
waulizeni wenye nguzo.
Wenye nguzo, dirisha la tatu, foleni ya kuanzia saa mbili:
Wetu unaishia kwenye mita.
Baada ya mita ni wenu.
Na aliyetandaza nyaya za nyumba
siku hizi yuko Mpanda, simu haipatikani.
Aliyeandika kile kiduara je?
Huyo hana dirisha.

Mama Perisi akacheka bila kuonyesha meno.
"Msalato nikinunua ng'ombe
namfungua mdomo, nahesabu.
Akianguka kabla ya kufika zizini
najua mlango wa kwenda kuugonga.
Aliyeniuzia ana alama yake, ana mjomba, ana kanisa analosali."

Tukarudi dukani na kadi ya dhamana.
Miezi kumi na mmoja na siku sita: bado tumo.
Yusto akaigeuza, taratibu,
akapitisha kidole kwenye skrubu ya chini, kushoto,
pale palipokuwa na kibandiko cha rangi ya fedha
kidogo kuliko ukucha.
"Nani kaifungua?"

Ni mimi.
Kabla ya duka, kabla ya namba, kabla ya nguzo,
Jumatano asubuhi, kwa mazoea ya kichogo,
nilitaka kunusa.
Bisibisi ikaingia, kibandiko kikachanika
kimya, kama ganda la kitunguu.
Na pale kaunta, mimi Malogo, fundi wa miaka ishirini na sita,
nilitazama feni ya dari.

Mama Perisi akanitazama mimi.
Kisha akamgeukia kijana.
"Ilikuja hivyo," akasema,
mwanamke asiyekosa ibada,
akanifunika kwa uongo
kama alivyoifunika TV kwa kanga.

Sasa imeegemea ukuta wa kibanda changu.
Nikiiwasha, mbwa bado hajapata pa kulala.

Kwenye daftari la wateja kuna safu ya Jina, ya Simu, ya Tatizo.
Ya Mhusika haikuwemo.
Nimeichora kwa rula, wino umevuja kidogo.
Mstari wa kwanza nimeandika jina langu,
na mbele yake: elfu thelathini, imelipwa.
Nyingine kabla zabibu hazijaiva.

Chini yake nimeacha mistari mitano.
Ya kiwanda, ya duka, ya nguzo, ya yule wa Mpanda,
na ya huyo asiye na dirisha.
Ya mjukuu sikuiweka. Ana miaka tisa, na aliombwa vizuri.

Kalamu nimeifunga kwa uzi mezani.
Kibanda nafungua saa moja na nusu.