Ubao wa Bei, Jadida

Baada ya isha nachomeka betri kumi na mbili.
Taa nyekundu, kisha kijani, moja moja,
hazina haraka, kama mikate ya mofa.
Ubaoni, mlango wa kabati la marehemu shangazi,
nimeandika kwa chaki:
KUBADILI BETRI 2,500. MKOPESHAJI KENDA TANGA.

Hesabu yake naijua kama mguu wangu mbovu:
umeme, mia tisa na ushei;
kodi ya banda;
deni la betri zenyewe, lisilofunga hata Ramadhani.
Inabaki mia nne.
Hiyo mia nne ndiyo mie.

*Mali bila daftari*, mama alikuwa akianza,
halafu anakohoa, nasi tunamalizia.
Daftari ninalo, mama. Kohoa tu.

Jumatatu meli ya mafuta haikufika Pemba.
Jumanne foleni ya kituoni ikapinda hadi msikitini.
Jumatano petroli ikahamia kwenye chupa za maji,
lita moja na robo, robo yenyewe maneno,
elfu sita.
Alhamisi elfu nane, na maneno yakazidi.

Betri zangu hazikupata habari. 2,500.
Lakini Kombo Shaame,
ambaye honda yake huu mwaka wa pili haijanusa petroli,
akamchukua Bi Mtumwa kutoka Limbani kwa elfu tatu.
Juzi tu ilikuwa elfu moja.

Akashukia hapa kwangu, mbele ya ubao,
muhogo mkono huu, noti mkono huu, na noti haitoki.
"We Kombo, hichi chombo chako kinakunywa mafuta?"
"Hakinywi, bibi."
"Umeme umepanda?"
"Muulize mwenyewe huyo."
Akaniuliza. Nikasema haujapanda.
"Sasa elfu mbili za juu za nini?"
"Bibi, wa mafuta anataka elfu nne.
Mie nimekupunguzia elfu nzima, na ahsante sijaisikia."

Nilicheka mpaka alipoondoka.
Kisha nikakaa na ile elfu mbili isiyo yangu.
Kumbe bei haikai ndani ya kitu.
Inalala kwa jirani,
asubuhi inakuja kwako imeshakunywa chai.

Usiku ule nikafuta, nikaandika 4,000.
Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaitazama
kama anayejitanda kanga ambayo hajailipia.
Ilinikaa.

Saa tano umeme ukakatika.
Unatoka Tanga, waya chini ya bahari,
na huko Tanga, bila shaka,
alikuwepo yule mkopeshaji wangu, anacheka.
Taa nyekundu tisa zikafumba macho.
Tatu tu zilikuwa zimeshaiva.

Alfajiri wamesimama wanane mlangoni,
na hapo nikafahamu kazi ya bei:
ni kumwepusha muuzaji asitazame nyuso.
Mie nikatazama.

Ngwali ana sanduku la chanjo, anakwenda Makangale,
mshahara wa mwezi, mfukoni 2,500 iliyokunjwa mara nne.
Nikampa. Sikuikunjua.
Hamad Khatib akasoma ubao, akaulipa ubao.
Kombo hakusoma kitu. Akatoa elfu sita,
akaniwekea kiganjani, akanifunga vidole.
Betri tatu, bei tatu, bidhaa ile ile.
Watano wakaondoka wanasukuma honda
na mmoja wao hajanisalimu mpaka leo.

Kombo alipokuwa anafunga kiti akauliza,
"Yule Ngwali kalipa ngapi?"
Nikamwambia, "Muulize Bi Mtumwa."

Umeme ulirudi alasiri. Meli ilikuja Jumapili.
Nikafuta kwa kitambaa cha maji, nikaandika 2,500 tena.
Lakini mbao za zamani zinakunywa chaki.
Siku za mvua ile 4,000 inarudi,
kijivu, nyuma ya bei,
na mteja akiisoma huniuliza ipi ya kweli.
Namwambia alipe ile nyeupe.
Ile nyeupe, kwa leo.