Namba Tisa

Injinia Twalib alinitafuta hadi kwangu Maweni,
ramani imekunjwa chini ya kwapa,
viatu vyeupe kwa vumbi la chokaa.
"Mama Kadzo, hospitali ile umeifagia miaka thelathini na mmoja.
Nionyeshe mochari ilikuwa wapi.
Mwenye mradi hataki mpangaji alale mahali pa maiti.
Pale tutaweka mashine za kufulia."

Nikajifunga leso, nikatoka naye.

Langoni hakuna foleni.
Dirisha la dawa limezibwa kwa matofali,
ila kizingiti chake bado kimelika katikati
kwa viwiko vya watu waliongoja kuambiwa
dawa hakuna, njoo Jumatano.
Wodi ya wazazi imekatwa kama andazi:
sebule, jiko, choo cha wageni.
Misumari tuliyotundikia chupa za maji
fundi aliing'oa mmoja mmoja, akaitupa koponi,
ting, ting,
kama vijiko vya uji wa alfajiri.

Ukutani, chini ya rangi ya kijani, chini ya nyeupe,
chini ya ile ya samawati ya mwaka wa kipindupindu,
namba kumi na nne ilikuwa inachungulia.
Kitanda cha Kadzo mwenyewe.
Sikusema neno. Injinia alikuwa anapima dari.

"Mochari, mama."

Naijua. Ni kile chumba cha mwisho, nyuma ya mkilifi,
kuta za matumbawe, unene wa dhiraa nzima,
kidirisha juu, hewa ikishuka taratibu
kama mgeni mwenye adabu.
Joto la Machi halikuwahi kuingia mle.
Saa saba mchana, wauguzi wamezidiwa, wodi inalia,
nilikuwa naingia na ndoo yangu, narudisha mlango,
nakaa sakafuni pamoja na wenyewe.
Hatuambiani kitu.
Mwanangu alilala humo usiku mmoja.
Nilimfunika miguu kwa kanga yangu,
maana tangu utotoni baridi humwanzia miguuni.

Mashine za kufulia!
Suruali za watu zizunguke pale?

Nikanyoosha kidole kwenye ofisi ya mhasibu.
"Hapo."
Wala si uongo mwingi. Humo nako mengi yalizikwa:
mishahara ya miezi mitatu,
ombi langu la likizo ya wiki moja, nikauguze.

Injinia akaandika, akashukuru.

Sasa nafagia tena, kwa sare iliyoshonwa jina kifuani.
Kwa mhasibu kunanguruma mchana kutwa.
Na Namba Tisa, ile ya mwisho, ndiyo ghali kupita zote:
"Tulivu," lasema tangazo, "yenye ubaridi wake wa asili."
Kapanga wakili kutoka Nairobi,
mtu aliyekuja na vidonge vya usingizi vya rangi tatu.
Juzi nilivikuta kwenye pipa la taka,
pakiti mbili hazijafunguliwa.
Alikuwa kitandani bado, saa nne ile,
macho yamevimba kama ya mtoto.
Akaketi, akashusha nyayo sakafuni.
"Mama Kadzo, sijalala hivi tangu nizaliwe.
Hiki chumba kina nini?"

Nikachovya tambara, nikalikamua.
"Kimezoea," nikamwambia.
"Inua miguu, nipige deki."