Kichwa cha Tausi

Kichwa kilianguka mwaka wa mvua nyingi,
kikasagika sakafuni pale Kidichi,
katika hamamu ya yule bibi wa Kiajemi
aliyechorewa maua ya kwao kwa chokaa,
eti maana mbegu zake ziliukataa udongo wetu.

Akaitwa baba yangu, fundi Pandu Vuai.
Chokaa alichoma mwenyewe, tanuu la matumbawe,
akairoweka pipani miezi mitatu,
mimi Mize nikiikoroga kwa mwiko wa pilau
mpaka ikalainika kama malai.

Shingo ipo. Mkia upo,
manyoya yamepangwa moja moja
na mkono uliokufa bila kuacha jina.
Kichwa ndiyo hakuna.
"Tausi yukoje usoni?" baba akauliza.
Msimamizi kutoka mjini akafungua faili:
picha kuukuu, nyeusi, kama imepigwa ndani ya kinu.
Baba kaona njiwa, kaona kunguru, kaona bata wa Mwera.
Tausi, hapana.

Mimi ndiye niliyekimbia nyumbani
nikaivuta kambani kanga ya mama,
ingali majimaji, tausi kila pembe,
na jina lake chini: ULIDHANI SITARUDI.
Nikaitundika mlangoni, jua likipita nyuma yake.
Kwa haraka zangu niliigeuza,
maandishi yakasomeka kinyume.

Baba hakujua kusoma.
Alitazama jicho, kishungi, mdomo,
akafinyanga kwa kidole gumba na kijiko cha chai.
Ilipoadhiniwa magharibi tausi ana kichwa,
na kichwa kinatazama mkiani:
mwili unakwenda msikitini,
uso unarudi sokoni.

Tulicheka hata chokaa ikatuingia machoni.
Msimamizi hakucheka.
Aliandika "imekamilika", akatia sahihi.

Siku hizi watembeza wageni humulika tochi:
mwoneni, anaangalia Shirazi,
ni majonzi ya bibi, roho yake ilikuwa kwao.
Wageni huinamisha vichwa.
Mmoja alilia, mwanamke wa makamo, mtu wa Isfahani;
alishika ukuta, akasema maneno mengi,
nikaambulia moja tu: bustani.
Nikamshika mkono, nikamtoa nje
nikamwonyesha mikarafuu.
Akatikisa kichwa, sijui ndiyo, sijui siyo,
akaokota jani, akalinusa,
akalitia mkobani.

Habari ya kanga sikumwambia.

Baba hatunaye, mwaka wa tatu huu.
Alama ya kidole gumba chake iko shingoni mwa ndege,
upande wa gizani;
ukipapasa utaikuta.

Na mama, kila akifungua kasha,
huona upande mmoja wa doti, peke yake.
Ule mwingine umekakamaa chokaa,
hautakati kwa ndimu wala kwa majivu.
Huuinua, huukung'uta,
huniuliza nitamlipa lini.