Gunia la Saba

Mvua ya masika ilivujia ghala la Wete siku tisa.
Gunia la saba lilikuwa chini kabisa, limegusana na ukuta.
Bi Mize alilifungua alfajiri, akatia mkono hadi kiwiko:
unga ulikuwa vuguvugu, kama paji la mtoto mwenye homa.

Akauchekecha. Madonge ya kijivu akayatupa,
uliobaki ukawa mweupe, weupe wa kanzu ya Idi.
Jirani akasema, uanike.
Mume akasema, moto huua kila kitu.
Na deni la Faki mwenye ghala halingoji jua.

Ila aliuonja kwa ncha ya ulimi
akasikia uchungu mdogo, wa mbali,
kama neno lililosemwa chumba cha pili.

Akapeleka kikombe kimoja kwa bwana afya.
Wiki mbili. Bahasha.
Sumukuvu, alisema yule kijana,
haionekani, haichekecheki, na moto hauiwezi.
"Na ule ukungu nilioutupa?"
"Zile zilikuwa nyayo tu, Bi Mize. Mwenyewe keshapita."

Nyuma ya tanuri akachimba shimo la kufika kiunoni.
Kuku wakaja mbio. Akawafukuza kwa pindo la kanga,
wakarudi, akawafukuza tena,
analia, anawatukana kuku.

Kisha watoto, na mia mbili zao viganjani:
Bi Mize, boflo?
Leo hapana.
Akasimama mlangoni, mikono bado mieupe,
kaificha nyuma,
asimguse hata mmoja kichwani.